SOMO LA WIKI: Jina la chuo liko kwenye jezi, je, deni ni la nani?

Iringa ni mji wa vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa na Ruaha, na kila chuo kina vijana wanaocheza. Kwa mfanyabiashara wa Mlandege michezo hiyo ni soko: fundi anashona jezi, mwenye Coaster anakodisha gari, mama lishe anapikia wageni. Kazi nyingi za namna hii hutolewa kwa mali kauli. Kabla ya kutoa mzigo, muuzaji anapaswa kuuliza swali moja: timu hii ni ya chuo, au ni ya wanachama wake?

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali kidogo, katika hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani. Mchezo huu kwetu ni mgeni. Jirani zetu wa Nairobi wanaucheza katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, uliofunguliwa mwaka 2005, na Kenya ilipokewa katika shirikisho la dunia mwaka 2024. Huko Marekani kuna mifumo miwili ya kuendesha timu, na yote miwili huvaa jina la chuo.

Mfumo wa kwanza ni timu ya chuo yenyewe, iliyo chini ya chama kiitwacho NCAA. Chuo huajiri kocha, hulipia safari na vifaa, na katika daraja la kwanza huweza kuwasomesha wachezaji bure. Gharama zimo katika bajeti ya chuo, na mkataba husainiwa na chuo.

Mfumo wa pili ni klabu. Klabu nyingi za hoki za vyuo zimo katika chama kiitwacho ACHA, kilichoanzishwa mwaka 1991. Chama hiki kina bodi yake, kina madaraja ya wanaume na ya wanawake, na kila mwaka huandaa mashindano ya taifa. Huweka masharti pia: mchezaji awe mwanafunzi kweli na awe na alama za kuridhisha darasani. Klabu hulipa ada ya uanachama.

Chama hicho husimamia mashindano tu. Fedha za kuendesha timu kwa kawaida hutoka mifukoni mwa wachezaji, kwa michango yao, viingilio na wafadhili. Gharama kubwa ni kukodi barafu, ambayo hulipiwa kwa saa. Mara nyingi viongozi wa klabu, mweka hazina akiwemo, ni wanafunzi. Wakimaliza masomo wanaondoka.

Tofauti hiyo ilionekana katika Chuo Kikuu cha Penn State. Kwa miaka mingi hoki pale ilikuwa ya klabu, tena klabu yenye nguvu. Mwaka 2010 tajiri Terry Pegula na mkewe walitangaza kutoa dola milioni 88. Mwaka 2012 chuo kiliingiza timu yake katika NCAA, na mwaka 2013 uwanja mpya ulifunguliwa. Jina mgongoni lilibaki lile lile, lakini mlipaji alibadilika. Chuo Kikuu cha Arizona State nacho kilipita njia hiyo: klabu yake ilikuwa bingwa wa ACHA mwaka 2014, na mwaka 2015 chuo kikaingia NCAA baada ya kupata wafadhili.

Turudi nyumbani. Chini ya sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na kanuni zake, vyama na vilabu vya michezo huandikishwa kwa Msajili. Bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA hupata nafsi ya kisheria, yaani inaweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa. Kikundi cha wanafunzi kisicho na usajili wowote hakina nafsi hiyo. Ukikikopesha, umewakopesha watu waliokuja dukani, si chuo.

Chukua hesabu ya mfano. Klabu inaagiza jezi 25 kwa shilingi 30,000 kila moja, jumla shilingi 750,000. Kitambaa na kazi vinakugharimu shilingi 500,000. Ukipokea malipo ya awali ya shilingi 200,000 na salio lisilipwe, umepata hasara ya shilingi 300,000. Ili ufidie kwa faida ya shilingi 10,000 kwa jezi, itabidi ushone jezi nyingine 30 zinazolipwa taslimu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa mzigo:

(a) Omba LPO ya chuo. Taasisi ya umma inapaswa kununua kupitia mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023. Barua ya kapteni haitoshi.

(b) Kama ni klabu, omba cheti cha usajili, jina la akaunti ya benki na majina ya watia saini.

(c) Kama hakuna cheti, dai malipo ya awali yanayofidia gharama yako yote. Katika mfano wetu ni shilingi 500,000, si 200,000. Salio lilipwe siku ya kuchukua mzigo.

(d) Angalia kalenda ya masomo. Deni litakalofika baada ya mitihani ya mwisho litakukuta peke yako.

Kwa mwekezaji mdogo, klabu ya chuo haina hisa za kununua wala gawio la kusubiri. Anayeifadhili ananunua tangazo tu: jina lake kwenye jezi. Aipime fedha hiyo kama anavyopima bango la barabarani, kwa idadi ya watakaoliona na muda litakaoonekana, na makubaliano yaandikwe kabla shilingi ya kwanza haijatoka.