Diski ya Nje Isiyosomeka

Swali: Diski yangu ya nje, iliyobeba picha za arusi ya wazazi wangu, taa yake yawaka, lakini kompyuta hainionyeshi kitu ila kunitaka niifomati. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya yote nakusihi usiridhie ombi hilo, kwani kufomati huifuta ile orodha inayoonyesha kila faili limewekwa wapi, na kuziokoa picha kukawa taabu maradufu. Anza na waya, ambao aghalabu ndio wenye ila: ubadilishe, kisha uchomeke diski katika tundu la kompyuta lenyewe bila kupitia kigawanyio, kwa sababu tundu la USB 2.0 huahidi umeme wa miliampia 500 tu, ilhali la USB 3.0 hufikisha 900, na diski yenye sahani zizungukazo huhitaji nguvu ya kutosha ili ianze mwendo wake. Ijaribu pia katika kompyuta nyingine. Pengine ilitayarishwa kwa Mac, na Windows kwa desturi yake haiisomi, wala hilo si hitilafu.

Kisha tega sikio. Ukisikia mgoto unaorudiarudia, ichomoe papo hapo na umpelekee mtaalamu wa kuokoa data, wala usimruhusu yeyote kuifungua penye vumbi. Ikizunguka kwa utulivu, inakili kwanza diski nzima kwa programu ya ddrescue, ndipo uzitafute picha katika nakala hiyo kwa TestDisk, na ile ya asili isiguswe tena.