Uvumi Kuhusu Asili ya UKIMWI: Kutoka Mpaka wa Kagera hadi Mkutano wa Harare

Omurushaka ni mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Hapo ndipo inapoanzia barabara iendayo Nkwenda, katika wilaya ya sasa ya Kyerwa, hadi mpakani Murongo, ambako ng'ambo ya mto Kagera ni Uganda. Kahawa, maharage na ndizi hupita njia hizo, na pamoja na bidhaa hupita habari. Katika miaka ya 1980 nchi za pande hizi zilipatwa na ugonjwa mpya, na ugonjwa huo ukafuatwa na habari za namna mbili: moja ilizaliwa papo hapo mpakani, na nyingine ilitungwa mbali kabisa, ikasambazwa duniani kwa makusudi. Kuzilinganisha ni kazi inayofaa darasani, kwa somo la Baiolojia na kwa somo la Historia pia.

Ugonjwa wenye majina mengi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, nao walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo, katika wilaya ya Rakai, Uganda, madaktari walikuwa wakikuta watu wanaoharisha na kukonda pasipo kupona. Taarifa yao ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1985, na ndani yake ugonjwa ukaitwa Slim, jina lililotumiwa na wenyeji kwa sababu ya kule kukonda.

Huku Kagera wengi waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuja na biashara ya kutoka Uganda. Kule Rakai, kinyume chake, wako waliosema kuwa ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali yao. Basi wa huku walisema umetoka kule, na wa kule wakasema umetoka huku. Ikumbukwe kwamba mpaka huo ulikuwa umetoka vitani. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, yakiwa na silaha ambazo nyingi zilitoka Umoja wa Kisovieti, na vita vikaendelea hadi mwaka 1979. Watu waliokwisha kuumizana hawakukosa sababu ya kushukiana.

Barua ya New Delhi

Habari ya pili ilianza tarehe 17 Julai 1983. Siku hiyo gazeti la Patriot la New Delhi, India, lilichapa barua isiyo na jina, ya mtu aliyejieleza kuwa mwanasayansi mashuhuri wa Marekani. Alidai kwamba UKIMWI ulitengenezwa na jeshi la nchi yake huko Fort Detrick, katika jimbo la Maryland. Barua hiyo ililala kwa miaka miwili. Ndipo tarehe 30 Oktoba 1985 gazeti la Literaturnaya Gazeta la Moscow likaifufua, likiitaja Patriot kuwa chimbuko lake.

Ufundi wa jambo hili unastahili kuangaliwa kwa makini. Kama Moscow ingesema moja kwa moja, dunia ingejibu kuwa huyo ni hasimu wa Marekani akisema ya hasimu. Lakini gazeti la nchi isiyofungamana na upande wowote lilipotangulia, msemaji wa pili alionekana ananukuu tu. Nyuma ya yote hayo ilikuwapo KGB, idara ya ujasusi ya Umoja wa Kisovieti. Mnamo Septemba 1985 KGB iliwapelekea wenzao wa Bulgaria taarifa ya siri, nayo imesalia katika nyaraka zao. Humo inaeleza waziwazi kwamba inafanya mipango ya kuwaaminisha watu wa nje kuwa ugonjwa huo umetokana na majaribio ya siri ya silaha za Marekani.

Mwaka uliofuata uvumi ulivikwa joho la elimu. Jakob Segal, profesa mstaafu wa baiofizikia wa Berlin Mashariki, aliandika kwamba virusi vya UKIMWI viliundwa mwaka 1977 kwa kuunganisha virusi vya kondoo viitwavyo Visna na virusi vya binadamu viitwavyo HTLV-I, kisha vikajaribiwa kwa wafungwa. Kijitabu chenye hoja hizo kiligawiwa Harare, Septemba 1986, wakati wa mkutano wa nane wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Wanahistoria bado wanabishana Segal alikuwa chombo cha majasusi kwa kiasi gani. Yamkini aliyaamini aliyoyaandika. Kutoka hapo habari ilienea katika magazeti ya makumi ya nchi.

Mwaka 1987, baada ya Marekani kulalamika, wanasayansi wakuu wa Kisovieti walijitenga na madai hayo katika gazeti la Izvestia. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba idara yake ilihusika.

Kwa nini ilisadikiwa

Mwalimu asiwafundishe wanafunzi kuwa waliosadiki walikuwa wajinga. Fort Detrick ilikuwa kweli makao ya utafiti wa silaha za vijidudu tangu 1943 hadi 1969. Mwaka 1975 Baraza la Seneti la Marekani lenyewe lilifichua kwamba mwaka 1960 shirika la CIA lilipeleka sumu Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kwa nia ya kumwua Patrice Lumumba. Huko Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili maradhi yao yatazamwe. Tena vipimo vya awali vya damu vilipoletwa Afrika vilitoa majibu mengi yasiyo sahihi, na baadhi ya waandishi wa Ulaya waliwasema Waafrika kwa dharau. Uongo wa KGB ulipandwa katika udongo uliokwisha kulimwa na wengine.

Wala mshitaki mwenyewe hakuwa na mikono safi. Mwaka 1979 kimeta kilivuja katika kituo cha kijeshi mjini Sverdlovsk, kikaua watu wasiopungua 60. Serikali ya Kisovieti ilisema kisa ni nyama mbovu, mpaka Rais Yeltsin alipokiri ukweli mwaka 1992.

Hata hivyo, kwamba mtu aliwahi kutenda uovu si ushahidi kuwa ametenda na huu. Lazima uthibitishwe wenyewe.

Ushahidi wa maabara

Virusi vya UKIMWI hubeba maagizo yao ya urithi katika mlolongo wa herufi za kikemia zipatazo 9,700. Mlolongo huo ulisomwa na kuchapishwa mapema mwaka 1985, yaani kabla ya Segal kuandika. Ulipolinganishwa na ule wa Visna na ule wa HTLV-I, haukuonekana kuwa vipande vya hivyo viwili vilivyoshonwa pamoja. Ni jamaa wa mbali, kama vile paka na simba ni jamaa bila mmoja kuwa ameundwa kwa mwingine. Tena HTLV-I yenyewe ilitangazwa mwaka 1980, miaka mitatu baada ya ule mwaka ambao Segal alidai ilitumiwa.

Ushahidi mzito zaidi ni damu iliyotolewa Leopoldville mwaka 1959 kwa ajili ya utafiti mwingine, ikahifadhiwa. Mwezi Mei 1986, miezi michache kabla ya mkutano wa Harare, ilitangazwa kuwa damu hiyo ina dalili za maambukizo ya virusi hivi. Na mwaka 1998 vipande vya virusi vyenyewe vilisomwa kutoka humo. Mbinu ya kukata na kuunga chembe za urithi haikuwako duniani hadi miaka ya 1972 na 1973. Hakuna awezaye kuunda mwaka 1977 kitu kilichokwisha kuwamo katika damu ya mtu mwaka 1959.

Leo inajulikana kwamba virusi vya aina kuu vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, yumkini kwa njia ya damu wakati wa kuchinja mawindo. Kwa kuhesabu jinsi herufi zinavyobadilika mwaka hadi mwaka, wanasayansi hukadiria kuwa aina hiyo ilianza kuenea kwa binadamu kati ya 1884 na 1924. Jambo hilo si aibu ya taifa lolote. Binadamu amepata maradhi kutoka kwa ng'ombe, panya na ndege tangu zamani.

Asili na uenezi

Ziko hoja mbili ambazo uvumi huzichanganya: virusi vilitoka wapi, na vilieneaje. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walipima damu za watu wazima mkoani Kagera. Mjini Bukoba walioambukizwa walikuwa asilimia 24.2, Bukoba Vijijini na Muleba asilimia 10, Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa, asilimia 4.5, Ngara na Biharamulo asilimia 0.4.

Takwimu hizi hazisemi virusi vilizaliwa wapi. Zinaonyesha jambo lililowahusu zaidi watu wa Omurushaka kuliko ugomvi wa Moscow na Washington: ugonjwa ulipungua kadiri mtu alivyouacha mji wa Bukoba na vijiji vilivyouzunguka. Uchawi wa mdai aliyedhulumiwa ungechagua wadeni. Virusi havikuchagua hivyo, na aliyengoja Fort Detrick au mchawi wa ng'ambo ahukumiwe alikuwa anangoja bila kinga.

Zoezi

Wanafunzi wachore ramani ya mkoa wa Kagera ya mwaka 1987 na kuandika asilimia hizo katika kila wilaya, kisha waeleze sababu mbili zinazoweza kuifanya Karagwe itofautiane na Bukoba. Baadaye wachukue uvumi wowote unaosikika sokoni kwao na kuandika: nani alikuwa wa kwanza kuusema, nani anamnukuu nani, na ni kitu gani kingeonekana iwapo ungekuwa wa kweli.