Koksidia, Ugonjwa wa Kuhara Damu wa Vifaranga

Msomaji ufugaye kuku mjini Lubumbashi, huenda umekwisha kuona jambo hili. Vifaranga wana majuma manne, wanakula vizuri. Mvua inanyesha siku kadhaa, na maranda ya chini yanalowa. Mara wanajikunyata karibu na mbabula, mbawa zimelegea, na mavi yao yana damu. Kesho yake kadhaa wamekufa. Wengine husema ni minyoo, nao hununua dawa ya minyoo. Dawa hiyo haiwafai kitu, na sababu yake ni hii.

Mnyoo ni mnyama wa chembe nyingi. Koksidia ni kiumbe cha chembe moja tu, kisichoonekana bila hadubini. Yumo katika kundi la protozoa, na tena katika tawi moja na kimelea cha malaria. Koksidia wa kuku ni wa jamii ya Eimeria, iliyopewa jina la Theodor Eimer, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani. Wataalamu wamezoea kuhesabu aina 7 za kuku, na kila aina ina makao yake. Eimeria acervulina hukaa mwanzo wa utumbo mwembamba, Eimeria maxima katikati. Eimeria tenella, iletayo damu nyingi, hukaa katika vile vifuko viwili virefu karibu na mwisho wa utumbo. Basi ukimpasua kifaranga aliyekufa na kukuta vifuko hivyo vimejaa damu, umekwisha kujua mengi. Aina hizi haziwaingii watu, wala mbuzi, wala bata.

Sasa tufuate maisha yake. Kuku mgonjwa hutoa katika mavi vijiyai vidogo mno, vyenye ganda gumu. Kijiyai kilichotoka sasa hivi hakidhuru. Sharti kwanza kipate unyevu, joto na hewa, na kwa siku moja au mbili kikomae. Hapo ndani yake hugawanyika kuwa vifuko 4, kila kifuko na vijidudu 2. Kwa hesabu hiyo mtaalamu hutambua kuwa ni Eimeria. Jamii iitwayo Isospora ina vifuko 2, kila kimoja na vijidudu 4.

Kifaranga akikidonoa kijiyai kilichokomaa, firigisi huvunja ganda, na vijidudu 8 hutoka utumboni. Kila kimoja huingia katika chembe ya utumbo, hukua, kisha hugawanyika kuwa mamia. Chembe hupasuka, watoto huingia chembe nyingine, nazo hupasuka. Kwa Eimeria tenella, damu huonekana siku ya 4 au ya 5. Baadaye hutokea dume na jike, huungana, na vijiyai vipya huanza kutoka karibu siku ya 7. Kijiyai kimoja kilicholiwa huweza kurudisha maelfu mengi.

Angalia basi zile siku za kukomaa, maana hapo ndipo mfugaji ana nguvu. Dawa nyingi za kusafishia hazipenyi ganda la kijiyai, lakini ukavu na joto kali hukiua. Tangu Novemba hata Machi, mvua zinapokuwa nyingi, geuza maranda mara kwa mara, ondoa yaliyolowa siku ile ile, na inua chombo cha maji juu ya tofali ili yasimwagike. Usiwachanganye vifaranga na kuku wakubwa. Kuku mkubwa aliyekwisha kuugua amepata kinga dhidi ya aina ile iliyomwugua, naye huonekana mzima, lakini aweza kutoa vijiyai bado.

Damu ikiisha kuonekana, usingoje. Mwite mganga wa mifugo, naye huenda akaagiza amproliamu, wapewe vifaranga wote wa banda, si wale wagonjwa tu. Dawa hiyo hutiwa katika maji, kwa kuwa kifaranga mgonjwa huacha kula kabla ya kuacha kunywa.