Kilo za Mmoja, Daftari la Wote

Swali: Naandika programu ya Python ya kupokea kahawa kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yetu, Mbinga. Klasi Mkulima ina mizigo = [] na methodi ongeza(kilo). Kwanza ilikataa, ikidai nimeipa agumenti moja zaidi. Nikaweka @classmethod na cls, ikakubali. Sasa mmoja akipima kilo 40, wakulima wote wanaonekana wamepima. Nimekosea wapi?

Jibu: Kosa la kwanza lilikuwa dogo: ulisahau self. Ukiita m.ongeza(40), Python humtanguliza m mwenyewe, kwa hiyo methodi inapokea vitu viwili. Dawa uliyochagua ilificha kosa kubwa zaidi, yaani orodha mizigo kuwa ya klasi nzima, na hapa ni jasho la mtu linaloandikwa kwa jina la mwingine.

Fikiria ghala. Cls ni ubao wa ukutani, mmoja kwa wote. Self ni kitabu cha mkulima mwenyewe. Wewe unaandika mizigo yote ubaoni. Ondoa @classmethod, andika:

def __init__(self, jina):
    self.jina = jina
    self.mizigo = []

def ongeza(self, kilo):
    self.mizigo.append(kilo)

Usiishie kubadili cls kuwa self tu. Orodha ikibaki juu, nje ya __init__, bado ni moja kwa wote. Wengi hukwama hapo.

@classmethod inafaa kumuunda mkulima kutoka mstari wa faili: return cls(mstari.split(",")[0]). Rudisha cls(...), si Mkulima(...), ili kila klasi rithi ipate kitu cha aina yake.

Kisha jaribu na wakulima wawili. Mpimie wa kwanza tu, uchapishe mizigo ya wa pili: lazima itoke [].