"Mashaallah, Nzuri Sana" Haitoshi: Namna ya Kupima Kurasa za Tovuti za Wenzetu



Ndugu na dada zangu, somo letu la toleo hili linaanza na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita nilipewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa mfuko wa misaada wa jumuiya yetu. Nilikaa nao usiku tatu. Nikaweka picha ya msikiti juu, na maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya nyeupe, kwa kuwa yalipendeza machoni mwangu. Tarehe ya mwisho ya kuomba msaada wa ada ya mtihani niliiandika ndani ya ile picha, kwa herufi ndogo, pembeni chini. Kisha nikawaomba wenzangu saba waukague. Wote saba walijibu karibu neno moja: "Mashaallah, nzuri sana."

Siku mbili baada ya tarehe hiyo alikuja dada mmoja wa mwaka wa kwanza na barua yake mkononi. Fedha zilikuwa zimeshagawiwa. Akasema aliufungua ukurasa mara tatu kwa simu yake na hakuona tarehe yoyote. Nikachukua simu ile nikatazama, nami sikuiona. Alhamdulillah, mtihani alifanya, lakini kwa deni ambalo anaendelea kulilipa hadi leo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Mimi nilikosea, hilo halina ubishi. Je, wale saba? Nao waliombwa wakague, wakatoa pongezi. Sasa kwa kuwa wengi wetu tunasoma somo la kompyuta la lazima, ambamo kila mwanafunzi hutengeneza ukurasa na kupima za wenzake, nimeona tujifunze kazi hii kwa utaratibu. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu wala si fundi wa kompyuta, na haya ni mambo ambayo asiye fundi anayaweza.

Kazi hii si ngeni kwetu

Kupima usomekaji wa maandishi ni jambo ambalo wanazuoni wetu walilihangaikia tangu mapema. Misahafu ya mwanzo iliandikwa bila irabu. Uislamu ulipoenea kwa watu ambao Kiarabu si lugha yao, wakaanza kukosea kusoma. Inapokewa kwamba Abul-Aswad ad-Du'ali wa Basra, aliyefariki mwaka 69 Hijria, ndiye aliyeweka nukta za wino wa rangi kuonyesha irabu. Baadaye Al-Khalil ibn Ahmad akaleta alama ndogo zinazokaribia hizi tunazozijua leo: fataha, kisira, dhumu. Tazama sababu yake. Maandishi hayakuwa na kosa. Msomaji ndiye aliyeshindwa, na wakaona ni wajibu wao kumsaidia.

Wanafunzi wa hadithi nao walikuwa na desturi ya muqabala, yaani kulinganisha nakala na asili yake. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alipendekeza mwandishi aweke duara baina ya hadithi na hadithi, na duara hilo liachwe tupu. Likishalinganishwa, ndipo hutiwa nukta katikati. Duara tupu maana yake: hili bado halijakaguliwa. Wale wenzangu saba walitia nukta kwenye duara ambalo hawakulisoma.

Imepokewa pia kwamba Imam Ahmad ibn Hanbal alimkanya jamaa yake Hanbal ibn Ishaq asiandike kwa hati ndogo mno, kwa kuwa hati ya namna hiyo humwangusha mwenyewe siku anayoihitaji zaidi. Ile tarehe yangu chini ya picha ilikuwa hati ya namna hiyo.

Kwanza, pima kama msomaji

Kosa la kwanza la mkaguzi ni kuutazama ukurasa kama mtu atazamavyo picha ukutani. Ukurasa ni wa kutumiwa. Kwa hiyo, kabla ya kusema lolote, jiulize: mtu anakuja hapa kutafuta nini? Kisha jipe kazi hiyo uifanye. Kama ni ukurasa wa ratiba ya darsa, tafuta darsa la Jumatano ni saa ngapi na wapi. Tazama saa yako ujue umetumia muda gani.

Fanya hivyo kwa simu ya kawaida, si kwa kompyuta kubwa ya maktaba. Toka nje juani, kwa maana wengi wetu tunasoma tukiwa njiani au kwenye benchi la nje ya bweni. Tumia bando lako, si intaneti ya chuo.

Ukiweza, mtafute mtu mwingine ambaye hajauona ukurasa huo. Mpe kazi ile ile, halafu nyamaza. Usimwelekeze, usimwambie "teremka chini kidogo." Pale anaposita ndipo penye tatizo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya mwenye asili ya Denmark, amesema kwa miaka mingi kwamba ukijaribu na watu watano tu utayaona matatizo mengi ya ukurasa. Watu watano tunawapata kwenye chumba kimoja cha bweni.

Mambo matano ya kutazama

*1. Rangi.* Ipo jumuiya ya kimataifa ya viwango vya tovuti, W3C, iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994. Mwongozo wake hupima tofauti ya mwanga baina ya herufi na rangi iliyo nyuma yake. Kipimo huanzia 1 kwa 1, yaani rangi juu ya rangi hiyo hiyo, hadi 21 kwa 1, yaani nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1.

Sasa tuzipime rangi tuzipendazo. Dhahabu inayong'aa juu ya nyeupe hutoa takriban 1.4 kwa 1. Kijani kinachong'aa juu ya nyeupe nacho ni kama 1.4. Zote mbili hazifai hata kwa kichwa cha habari. Lakini kijani kilichokoza juu ya nyeupe hupita 5 kwa 1, na hicho kinafaa. Dhahabu juu ya kijani hicho kilichokoza hukaribia 3.7: kwa kichwa kikubwa sawa, kwa maneno madogo hapana. Hatukatazwi kijani wala dhahabu, ila tujue kila moja inakaa wapi. Vipo vipimo vya bure kwenye intaneti. Unaingiza rangi mbili, unapewa jibu.

*2. Urefu wa mistari na mpangilio.* Vitabu vya uchapaji hupendekeza mstari uwe na herufi 45 hadi 75 hivi. Ukizidi, jicho hupotea likirudi kutafuta mstari unaofuata. Kwenye simu mstari huwa mfupi zaidi, na hapo Kiswahili kina shida yake. Maneno yetu ni marefu: "watakaojiandikisha" peke yake ni herufi 18. Mwenzako akinyoosha maandishi yalingane pande zote mbili kama kwenye gazeti, mistari huacha mapengo meupe katikati. Mshauri aache upande wa kulia usiolingana. Na kichwa chote kwa herufi kubwa husomeka kwa taabu. Kikizidi mstari mmoja, mwambie apunguze.

*3. Kilicho muhimu kiko wapi?* Tarehe, mahali, gharama na mtu wa kumwona vinapaswa kuonekana kabla msomaji hajaanza kuteremka. Salamu ni sunna na tusiiache, lakini aya tatu za utangulizi kabla ya kusema mhadhara ni lini, hizo zinamchosha mgeni. Tazama pia viungo. Kiungo kilichoandikwa "bonyeza hapa" hakimwambii mtu anakwenda wapi. "Fomu ya kuomba msaada" kinamwambia.

*4. Maneno ndani ya picha.* Hili ndilo lililomponza yule dada. Maneno yaliyo ndani ya picha hupungua pamoja na picha simu inapokuwa ndogo. Hayatafutiki. Picha isipofunguka, nayo hupotea. Tunao pia wenzetu wasioona, ambao simu huwasomea kwa sauti. Picha ya ratiba ya Ramadhani kwao ni kimya kitupu. Kila tangazo lililo kwenye picha liandikwe pia kwa maandishi ya kawaida chini yake, na picha yenyewe ipewe maelezo mafupi.

*5. Uzito.* Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kufika megabaiti 4 au zaidi. Ikipunguzwa ukubwa ibaki chini ya kilobaiti 200, kwenye skrini ya simu huwezi kuona tofauti. Ukurasa wenye picha sita kama hizo ambazo hazikupunguzwa unakula bando la mtu aliyekuja kutafuta saa ya darsa tu.

Maandishi ya Kiarabu yana haki yake

Hapa sisi wa masomo ya Kiislamu hatuna udhuru, maana mwenzetu wa uhandisi anaweza asijue kwamba aya imeharibika, nasi tunajua. Herufi za Kiarabu ni 28, na nyingi hubadilika umbo kufuatana na mahali zilipo katika neno; sita tu, alif, dal, dhal, ra, zay na waw, haziungani na inayofuata. Programu isiyoandaliwa huzitenganisha herufi zote au kuzigeuza zianzie kushoto. Nimewahi kuona basmala iliyokatwakatwa hivyo, na ukurasa ule ulikuwa umepongezwa.

Kagua haya manne. Kwanza, sehemu ya Kiarabu iwe imewekewa mwelekeo wa kulia kwenda kushoto; kwenye msimbo ni maneno mawili tu, `dir="rtl"`. Pili, herufi ziwe kubwa kidogo kuliko za Kiswahili zilizo jirani, na nafasi baina ya mistari iongezwe, la sivyo kisira ya mstari wa juu hugongana na fataha ya mstari wa chini. Tatu, Kiarabu kisilazwe wala kutanuliwa nafasi baina ya herufi, kwa kuwa mwandiko wenyewe ni wa kuungana. Nne, irabu ziwepo. Herufi ain, lam na mim bila irabu zaweza kusomwa *ilm*, elimu, *alam*, bendera, *alima*, amejua, au *allama*, amefundisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajuaje ni ipi?

Baada ya hapo fungua msahafu ulinganishe, neno kwa neno, na uhakikishe jina la sura na namba ya aya. Hiyo ndiyo muqabala. Usitegemee kumbukumbu hata kama umehifadhi.

Adabu ya kusema na ya kusikia

Tumefundishwa kwamba Muumini ni kioo cha Muumini mwenzake. Kioo humwonyesha aliyesimama mbele yake. Hakiendi kuwasimulia wengine. Basi kosa la ukurasa mpelekee mwenyewe, si kundi zima la WhatsApp.

Sema ulichokiona, si unavyomwona yeye. "Rangi zako mbaya" haimsaidii mtu. Linganisha na hii: "Kwa simu yangu, nje juani, nilishindwa kusoma tarehe iliyo chini ya picha. Ni dhahabu juu ya nyeupe. Jaribu kijani kilichokoza, na tarehe uitoe kwenye picha." Humo mna mahali, sababu na njia ya kurekebisha. Taja pia kilichofanikiwa, kwa ukweli, ili asije akakifuta. Ukitoa maoni kumi kwa pamoja mtu hukata tamaa. Anza na lile linalomzuia msomaji asipate alichokuja kutafuta.

Nawe unayekaguliwa, usijitetee. Ukianza kueleza "lakini mimi nilikusudia hivi," kumbuka kwamba hutakuwepo kumweleza kila anayefungua ukurasa wako. Andika unachoambiwa, shukuru, kisha pima mwenyewe kipi ukichukue.

Na maneno ya "mashaallah" tusiyaache. Ni mazuri, na ni kumdhukuru Allah tunapoona kizuri. Tusiyafanye tu kuwa pazia la uvivu wetu wa kusoma.

Zoezi

Mkae watu watatu watatu. Kila mmoja achague ukurasa mmoja wa mwenzake na aandike karatasi yenye mambo haya:

1. Kazi niliyojipa kama msomaji, na muda nilioutumia.
2. Mahali niliposita.
3. Rangi ya herufi na ya nyuma yake, na kipimo chake.
4. Maneno muhimu yaliyomo ndani ya picha tu.
5. Kiarabu: mwelekeo, ukubwa, irabu, na matokeo ya kulinganisha na msahafu.
6. Jambo moja la kurekebishwa kwanza.

Juu ya karatasi chora duara tupu. Mwenzako akisharekebisha, rudi ukafanye tena ile kazi ya kwanza kwa simu yako. Ukifaulu, tia nukta.

Ukurasa wa mfuko nimeutengeneza upya. Tarehe sasa iko mstari wa kwanza, nyeusi juu ya nyeupe. Nilimwomba yule dada awe wa kwanza kuukagua. Aliipata tarehe mara moja, kisha akanionyesha kwamba namba ya simu ya mweka hazina ilikosewa tarakimu moja. Watu wengine wanne walikuwa wameshaupitia ukurasa huo kabla sijamtumia yeye, pamoja nami.

Allah atujaalie kuwa wenye kunasihiana kwa kweli na kwa upole. Wabillahi tawfiq.