SOMO LETU: KIBAO JUU YA DIRISHA LA KOMPYUTA



Kiwandani fundi hatii mkono ndani ya mashine kabla ya kusoma kibao chake. Shambani gunia lisilo na alama halipandishwi kwenye lori. Lakini kwenye kompyuta sisi tulifanya kazi bila kibao, tukaipata hasara.

Katika darasa letu la Dzaleka tulifungua madirisha mawili ya kuandikia amri. Moja lilikuwa katika folda ya mazoezi, la pili katika folda ya wanachama. Yote meusi, na juu yake neno lile lile: Terminal. Tulitaka kufuta mazoezi, tukaandika amri ya rm katika dirisha lisilo lake. Amri hiyo haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Inafuta moja kwa moja. Daftari la michango likapotea. Tulikesha siku tatu tukiliandika upya kutoka kwenye kadi za karatasi. Mwanachama aliyepoteza kadi yake angeambiwa hajalipa, na kosa ni letu.

Dawa ipo. Anayepokea amri zetu ni programu iitwayo sheli. Katika kompyuta nyingi za Linux sheli hiyo ni Bash, iliyoandikwa kwanza na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Kila inapomaliza kazi, kabla ya kungojea amri nyingine, Bash hutazama PROMPT_COMMAND na kutekeleza yaliyomo. Basi tuiagize hapo ibadilishe kibao.

1. Weka nakala ya akiba:
cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani

2. Fungua faili kwa nano ~/.bashrc, shuka hadi mwisho, andika mstari huu mmoja:
PROMPT_COMMAND='printf "\033]0;%s: %s\007" "$HOSTNAME" "$PWD"'

3. Hifadhi, toka, kisha andika:
source ~/.bashrc

Sasa tuelewe tulichoandika. \033]0; huliambia dirisha kwamba yanayofuata ni kichwa chake, na \007 kwamba kichwa kimekwisha. HOSTNAME ni jina la kompyuta, PWD ni folda tuliyomo. Hama kwa cd, na kibao kitahama nawe.

Angalieni alama ' mwanzoni na mwishoni. Hizo huzuia $PWD isisomwe mapema. Ikisomwa mara moja tu wakati wa kufungua dirisha, kibao kitabaki na folda ya kwanza hata ukienda kwingine. Kibao cha uongo ni hatari kuliko kukosa kibao.

Katika Ubuntu mara nyingi kazi hii imekwisha kufanywa ndani ya PS1, ambayo huandikwa baada ya PROMPT_COMMAND, na hivyo ndiyo yenye neno la mwisho. Ukiona kichwa tayari kinafuata folda, usiongeze kitu.

Ndugu, kibao hakimzuii asiyesoma. Tusome juu kabla ya kubonyeza Enter, na daftari la wanachama liwe na nakala mahali pengine.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini kibao kiandikwe upya kila baada ya amri?
2. Daftari la tawi lenu likifutwa leo, mtalirudisha kutoka wapi?
3. Nani katika tawi anajua kazi hii, na amemfundisha nani?