Mahubiri Yasiishie Mlangoni mwa Kanisa

Neno la mahubiri hukaa muda gani moyoni mwa msikilizaji? Picha moja iliyochorwa Ufaransa mwaka 1888 yatupa somo juu ya jambo hilo.

Mchoraji Paul Gauguin alikuwa akikaa Pont-Aven, kijiji cha Bretagne, nchi ya Wakatoliki walioshika sana desturi za wazee wao. Picha yake yaitwa “Njozi baada ya Mahubiri”. Mbele twaona wanawake wa kijiji wamevaa kofia zao nyeupe za asili. Wengine wamefumba macho na kukutanisha mikono. Pembeni yupo padre. Ng’ambo ya shina la mti, juu ya ardhi nyekundu kabisa, Yakobo apigana mieleka na malaika, kama isimuliwavyo katika sura ya 32 ya kitabu cha Mwanzo.

Ardhi ile si shamba la mtu yeyote. Gauguin alimweleza rafiki yake Vincent van Gogh kwa barua kwamba nchi ile na mieleka ile vimo tu katika fikira za watu wale wanaosali, baada ya kusikia mahubiri. Tena mieleka ilikuwa mchezo wa jadi wa Bretagne. Basi wanawake wale walilipokea Neno la Mungu kwa sura ya mambo waliyoyajua kwao.

Gauguin alitaka kuitoa picha hiyo kwa kanisa la Nizon, jirani na hapo, lakini padre hakuikubali. Leo imo katika nyumba ya sanaa ya taifa mjini Edinburgh, Uskoti. Wala mchoraji hatumtoi kuwa mfano wa baba mwema, kwani alikuwa akiishi mbali na mkewe na watoto wake. Somo letu ni wale wanawake.

Mara ngapi sisi tutokapo Misani huanza mara moja habari za bei za sokoni na mambo ya majirani, hata tufikapo nyumbani Injili imekwisha sahauliwa! Yakobo hakumwachilia malaika mpaka alipobarikiwa, ingawa alitoka akichechemea.

Basi, enyi wazazi, Dominika hii mkiwa mezani waulizeni watoto: Leo tumesikia nini? Nanyi muwe tayari kuulizwa vivyo hivyo. Neno lisilozungumzwa nyumbani halitashindana na kiburi chetu, wala halitatuachia baraka yake.